OK: herufi mbili zilizozaliwa kwenye utani

Toleo lililopita nilidokeza kwenye safu hii, kwa sentensi moja tu, kwamba OK huenda ndilo neno la Kiingereza linalofahamika na watu wengi zaidi duniani, hata wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Barua zilizofuata zimenijazia meza. Nimechagua chache. Nyingi ya zilizobaki zinauliza yale yale, na nyingine zinaniletea hadithi za asili ya neno hili, kila mmoja akiapa kwamba ya kwake ndiyo ya kweli.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nimesoma mahali kwamba OK ilitokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kikosi kikirudi kambini bila kupoteza askari, iliandikwa ubaoni sifuri na herufi K, kifupi cha "zero killed", yaani hakuna aliyeuawa. Ndiyo maana neno likabeba maana ya "mambo salama". Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na huhitaji kuwa bingwa wa isimu ili kuligundua hilo. Kalenda inatosha. Vita vile vilianza 1861 vikaisha 1865. OK ilikuwa imeshachapishwa gazetini mwaka 1839, miaka 22 kabla ya risasi ya kwanza kulia. Hadithi inapendeza, ina machozi ndani yake na ina askari, lakini tarehe zinaikataa.

Wewe ni mwanafunzi wa historia, kwa hiyo nitakupa ushahidi wenyewe badala ya kukuambia uniamini tu. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapa habari fupi ya kichekesho. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akimtania mhariri wa gazeti moja la mji wa Providence kuhusu safari ya chama cha masihara kilichojiita Anti-Bell-Ringing Society, "chama cha kupinga upigaji kengele". Katikati ya utani huo akaandika herufi mbili ndogo, o.k., na palepale, kabla hajaendelea, akazifafanua: "all correct", yote sahihi.

Tazama alichokifanya hapo. Mtu hafafanui neno ambalo wasomaji wake wanalitumia kila siku. Kule kulifafanua kunatuonyesha kwamba lilikuwa jipya, na pia kunatuambia maana yake kwa mdomo wa mwenyewe. Ila kuna kasoro ambayo bila shaka umeiona: "all correct" inaanza na A na C, si O na K. Hapo ndipo penye kichekesho. Vijana wa magazeti wa Boston wa miaka ile walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na walipochoka na ufupisho wa kawaida wakaanza kuyaharibu maneno kwanza, wakiyaandika kama mtu ambaye hakwenda shule, ndipo wayafupishe. "All correct" ikawa "oll korrect", na "oll korrect" ikawa OK. Ukitaka kuielewa akili ile, waangalie vijana wetu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa" kwenye simu. Hawashindwi tahajia. Wanacheza nayo, na anayeuelewa mchezo anajihisi mwenyeji.

OK haikuzaliwa peke yake. Ilikuwa na ndugu zake. Kulikuwa na O.W., "oll wright", kwa maana ya "all right". Kulikuwa na K.G., "know go", yaani haiwezekani, na K.Y., "know yuse", haina faida. Ndugu wote hao walikufa wangali wachanga. Leo hii hakuna Mwingereza wala Mmarekani wa kawaida atakayekuelewa ukimwambia K.Y. Kwa hiyo swali gumu zaidi, kwangu mimi, si kwamba OK ilitoka wapi. Ni kwamba kwa nini yenyewe ilipona.

Iliponea kwenye siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea kipindi cha pili. Alizaliwa katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakambandika jina la utani: Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo ni O na K. Wafuasi wake wa New York wakaanzisha klabu zilizoitwa O.K., wakawa wanapaza sauti "O.K.!" kwenye mikutano na kwenye fujo za mitaani, kwa kuwa herufi hizo sasa zilisema mambo mawili kwa mkupuo: mzee wetu, na mambo safi. Wapinzani wao wa chama cha Whig hawakukaa kimya. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 1837, basi wakageuza kwamba herufi zile ni za watu walioishiwa fedha, mikopo, tabia na hata nguo, kila neno wakilipachika K kwa makusudi: "out of kash, out of kredit, out of karacter and out of klothes". Wengine wakaeneza uvumi kwamba rais wa kabla yake, Andrew Jackson, alikuwa hajui kuandika vizuri kiasi kwamba akiidhinisha karatasi aliandika O.K. akidhani ndivyo "all correct" inavyoanza. Uvumi huo ulikuwa wa kumdhalilisha Jackson na, kupitia kwake, Van Buren aliyekuwa mrithi wake. Mpaka leo bado kuna watu wanaurudia kana kwamba ni historia.

Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Neno likashinda. Kampeni nzima ilikuwa imelitangaza nchi nzima, na kila upande ulikuwa umeliongezea maana. Baada ya hapo ikaja simu ya maandishi. Samuel Morse alituma ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington kwenda Baltimore mwaka 1844, na wapiga telegrafu walihitaji njia fupi ya kusema "ujumbe umefika, nimeupata sawasawa". Herufi mbili zilizo rahisi kugonga ziliwafaa sana. Utani ukageuka chombo cha kazi, na waliokitumia chombo hawakuwa na haja ya kujua utani.

Aliyeyakusanya haya yote ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alianza kuandika juu ya OK mwaka 1941, kisha mwaka 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala katika jarida la American Speech, akiwa amechambua magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Sijui kazi nyingine ya etimolojia, taaluma ya asili ya maneno, ninayoihusudu kuliko hiyo. Hakuja na hadithi tamu. Alikuja na tarehe.

Sasa niziguse hadithi nyingine mlizoniletea. Wapo walioniandikia kwamba OK ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao wana neno linalosikika kama "okeh" lenye maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson, aliyetawala kuanzia 1913 hadi 1921, aliliamini hilo kiasi kwamba akiidhinisha karatasi aliandika "okeh". Wapo pia wanaosema ni "ola kala" ya Kigiriki, yote mema. Na wapo, tena hawa barua zao zina moto, wanaosema lilibebwa na Waafrika waliouzwa utumwani, kutoka Kiwolofu, lugha ya Afrika Magharibi, "waw kay", ndiyo kabisa. Wazo hilo lilitetewa na mwanaisimu Mwingereza David Dalby mwishoni mwa miaka ya 1960. Nakiri ningependa liwe kweli. Lakini kupenda si ushahidi. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi, kwa sababu sauti "oke" ni fupi na nyepesi, na ukizipekua lugha elfu hutakosa nyingi zenye neno linalokaribia hapo. Kinachotakiwa ni mnyororo: neno limeandikwa hapa, likaonekana pale, likafika kule. Mnyororo huo upo kwa Boston. Kwa wengine wote haupo.

Jambo moja la kufurahisha kabla sijakuacha. Kwa kawaida mtu akikuambia kwamba neno la zamani la Kiingereza ni kifupi cha maneno fulani, mkatalie kwanza, utakuwa umepatia mara nyingi. Tabia ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ilishika kasi katika karne ya 20. OK ni mwanaharamu wa kanuni hiyo: kweli ni kifupi, ila ni kifupi cha maneno yaliyoandikwa vibaya kwa makusudi.

SWALI: Nafanya kazi na ofisi ya nje kwa njia ya intaneti. Niliandaa ripoti kwa jasho, mkuu wangu akajibu kwa maneno mawili tu: "It's okay." Nilifurahi, lakini mwenzangu akaniambia nisifurahi sana. Halafu mara nyingine nilimuuliza mgeni kama nimsaidie mzigo, akasema "I'm okay." Nikauchukua. Akaniangalia kwa mshangao. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako amesema kweli, na mgeni naye alikuwa na haki ya kushangaa.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha usahihishaji, kabla kompyuta hazijatuondolea nusu ya watu. Ukurasa ukitoka kwa wapanga chapa unaletwa kwako ukiwa bado na unyevu wa wino, unausoma na kalamu nyekundu mkononi, unarudishwa, unaletwa tena, mpaka mkuu wa zamu aandike kwenye pembe ya juu, upande wa kulia, OK na saini yake. Baada ya hapo mtambo unaruhusiwa kuzunguka. Sasa, mzee yule aliwahi kuweka OK kwenye makala ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa takataka. Hakuona mgongano wowote. OK yake haikusema makala ni nzuri. Ilisema hakuna kosa linalozuia kuchapa.

Hiyo ndiyo roho ya neno hili. OK inaruhusu, haisifu. Ukiulizwa filamu ilikuwaje ukasema "It was okay", umesema hukulala usingizi, basi. Mkuu wako amesema ripoti inapita. Angependezwa kweli angeandika "good" au "great", au angetaja sehemu iliyomfurahisha. Ila usikate tamaa pia, maana kuna wakuu ambao kwao hilo ndilo neno zuri kuliko yote waliyonayo. Msome mtu kwa mazoea yake, kisha ndipo ulisome neno.

Jambo jingine ni pale neno linapokuwa jibu la swali baya zaidi. Mtu ameanguka, unamkimbilia, unamuuliza "Are you okay?" Humwulizi kama ana furaha. Unauliza kama ana jeraha. Hapo "okay" inatosha kabisa na hakuna atakayetamani neno kubwa zaidi.

Ama mgeni wako na mzigo. "I'm okay" ikijibu swali la "nikusaidie?" au "nikuongezee?" maana yake ni hapana, asante, nimetosheka hivi nilivyo. "That's okay" nayo hufanya kazi hiyo hiyo mara nyingi. Sikio letu linasikia "sawa" na linadhani ni ruhusa. Ukitaka ruhusa, msikilize mtu anayeanza moja kwa moja na neno lenyewe: "Okay" au "Okay, thanks". Anayeanza na "I'm" anajizungumzia yeye mwenyewe, anakuambia hali yake haihitaji msaada. Ukikosa uhakika, nyoosha mkono kidogo kuelekea kwenye mzigo usubiri. Akiuvuta kwake, umejibiwa.

Na mtu akikuomba radhi ukamjibu "It's okay", hapo umemsamehe, ni "hakuna neno" yetu. Toni ndiyo inayobeba mambo. Kuna "okay" ya kukubali, inayoshuka mwishoni. Kuna "okay?" inayopanda, ya kuhakikisha kwamba mmeelewana. Kuna "okaaay" ndefu ya mtu ambaye haamini hata neno moja la unachomweleza. Halafu kuna ile ya mhadhiri anayeingia darasani kwenye kelele, anaweka vitabu mezani na kusema "Okay". Hakubali chochote, hajaulizwa chochote. Anafungua kikao tu, kama tunavyosema "haya". Ukiongea na Mmarekani kwenye simu utaisikia tena mwishoni, "Okay, okay then", na hapo jiandae kuaga.

SWALI: Kwa nini kompyuta inaniambia nibofye OK, isiniambie "Yes" au "Continue"?

JIBU: Hili lina kisa ninachokipenda. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikiitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka sokoni 1983, wabunifu walikwepa OK kwenye vitufe kwa kuona ni neno la mitaani mno. Wakachagua "Do It", yaani fanya, na karibu yake "Cancel". Wakawaita watu wa kawaida waijaribu. Mmoja wao akawa anasita kila anapofika kwenye kitufe hicho, anachukia, mpaka akauliza kwa nini programu inamwita "dolt". Neno hilo kwa Kiingereza ni mjinga, bwege. Nafasi kati ya maneno mawili ilikuwa ndogo kiasi, na herufi kubwa ya I katika chapa ile ilifanana na L ndogo. "Do It" ikasomeka "Dolt". Wakarudi kwenye OK.

SWALI: Niandike OK, O.K., ok au okay? Na je, linakubalika kwenye barua rasmi?

JIBU: Zote hizo zipo kwenye kamusi. Shirika la habari la Associated Press linawataka waandishi wake watumie OK kwa herufi kubwa na linakataza "okay". Wachapishaji wengi wa riwaya wanaipendelea "okay", na ninawaelewa, kwa sababu herufi kubwa mbili katikati ya mazungumzo ya upole zinapiga kelele. O.K. yenye nukta imezeeka. Zaidi ya yote, chagua moja uikamilishe nayo kazi nzima. Ukiligeuza kuwa kitenzi, kwa maana ya kuidhinisha, wa "okay" wana raha, wanaandika "okayed". Wa OK inabidi wapachike alama ya ritifaa, "OK'd", jambo ambalo jicho langu la msahihishaji halijawahi kulizoea.

Kwenye barua ya kuomba kazi, mkataba au ombi la msaada wa masomo, liache. Si kwa sababu ni chafu. Ni kwa sababu pale unatakiwa kusema kwa usahihi unakubali nini, na OK ni mvivu wa kusema. Andika "I agree", "I accept" au "approved", kulingana na jambo. Kwenye ujumbe wa kawaida wa kazini halina shida. Ila chunga ile K peke yake. Wengi wa wanaozungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza wakijibiwa herufi hiyo moja wanahisi wamenuniwa. Ni ajabu kidogo kwamba herufi moja iliyopunguzwa inaweza kuudhi hivyo, lakini ndivyo ilivyo, nami sikuitunga.

SWALI: Mwalimu, ile ishara ya vidole, kidole gumba na cha shahada vikikutana kutengeneza duara, si ndiyo OK? Binti yangu ananikataza kuitumia kwenye picha.

JIBU: Ndiyo yenyewe kwa Wamarekani na kwa watu wengi: duara ni O, na vidole vitatu vilivyobaki ukiviangalia kwa subira utaiona K. Lakini ishara haina pasipoti kama neno lenyewe. Kwa Wajapani duara lile ni sarafu, yaani fedha. Kwa Wafaransa linaweza kuwa sifuri, kitu kisicho na thamani. Brazili ni tusi, tena la nguoni.

Binti yako nadhani ana sababu ya karibuni zaidi. Mwaka 2017 watani fulani wa mtandaoni nchini Marekani walieneza uongo kwamba ishara hiyo ni alama ya siri ya wabaguzi wanaotukuza weupe. Lengo lilikuwa kuwachezea waandishi wa habari. Kisha wabaguzi wa kweli wakaipenda, wakaanza kuitumia kwa dhati, na mwaka 2019 shirika la Anti-Defamation League likaiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki, huku likisisitiza kwamba mara nyingi bado ina maana yake ya kawaida. Kwa hiyo msikilize binti yako kama picha itaonekana na watu usiowajua. Kwa marafiki, sioni neno.

Pahali pamoja ambapo ishara hiyo si hiari ni chini ya maji. Wapiga mbizi wakiulizana hali huuliza kwa duara hilo na hujibu kwa duara hilo, "niko salama". Anayeanza mafunzo hukatazwa mapema kunyoosha kidole gumba juu kwa maana ya "poa", maana huko kidole gumba juu ni amri: tunapanda, safari imekwisha. Mwenzako atakushika mkono na mtapanda wote wawili, hata kama ulikuwa unataka tu kumsifu samaki.